Kutoka Magoti Hadi Kwapa: Mwalimu Benigna Byabato Anavua Barakoa

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Mwalimu Benigna Byabato anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Sisi wafanyakazi wenzake wa Shule ya Sekondari Omukagando, hapa Kagoma, wilayani Muleba, tumeandaa maelezo haya yasomwe kwenye hafla ya kumuaga. Tulimwomba ayapitie kabla hayajachapwa. Alikataa, akisema mchezaji hajihesabii mabao mwenyewe. Tunamshukuru kwa kukataa, maana angeyafuta karibu yote.

Wengi wenu mnamfahamu kama mwalimu wa Jiografia. Wengi zaidi, kuanzia Muleba hadi Bukoba, wanamfahamu kama mwamuzi wa softiboli ya wasichana, yule mama wa barakoa ya waya asiyempendelea mtu. Jina hilo alilijenga kwa muda mrefu, na mwaka jana nusura alipoteze. Tutaeleza ilivyokuwa, lakini kwanza tuanze pale alipoanzia.

Aliajiriwa mwezi Julai 1988 katika shule ya msingi huko Ngenge. Alifika juu ya lori la mahindi akiwa na sanduku la bati, godoro na filimbi. Watu wazima wa huko wanasema filimbi ndiyo iliyoshuka kwanza. Alifundisha kila somo alilopewa na mawili ambayo hakupewa. Jioni alichezesha netiboli kwenye uwanja ulioinama kiasi kwamba timu iliyokuwa upande wa juu ilishinda bila kujitahidi. Mwalimu Benigna alikuwa mtu wa kwanza huko kuzibadilisha timu upande katikati ya mchezo. Kabla ya hapo, timu ya wenyeji ilikaa juu tu, na wageni waliona hiyo ndiyo maana ya kuwa mgeni.

Baada ya kupata stashahada alihamia kwetu mwaka 2003 na hakuondoka tena. Amekuwa mkuu wa idara ya Jiografia, mlezi wa bweni la wasichana na mwalimu wa michezo, mara nyingi yote matatu kwa siku moja. Wanafunzi wake husoma ramani hata wakiamshwa usingizini. Mwaka 2009 mkuu wa shule wa wakati huo alichora ubaoni ramani ya kuwaelekeza wageni wa mahafali kutoka barabara kuu hadi shuleni. Mwalimu Benigna alipita, akasimama, akatoa chaki mfukoni na kuandika pembeni: "Haina kipimo. Haina kaskazini. 4/10." Mkuu wa shule aliichora upya. Alipata saba.

Chai ya saa nne nayo ilikuwa chini ya himaya yake. Mtu akichukua chapati ya pili kabla wengine hawajapata ya kwanza, sauti ilitoka kwenye kona ya dirisha: "Auti!" Mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa leo amekaa meza ya pili kulia, alitolewa mara nyingi hadi akawa ananyanyuka mwenyewe. Hata nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mume wake, Mzee Joackim, anasimulia kwamba siku moja alitoka shambani amechoka, akairusha kofia yake kwenye kiti, ikaangukia sakafuni. Kutoka jikoni, bila mtu kugeuka, akasikia: "Boli."

Neno hilo linatufikisha kwenye softiboli yenyewe.

Mchezo huu ulifika Kagoma mwaka 2012, ukiletwa na kijana wa kujitolea kutoka Japani aliyeishi nasi miaka miwili. Tulipoliona gongo lake wengi tulidhani ni la kuulia nyoka. Kijana yule aliendesha mafunzo ya uamuzi kwa walimu wa Bukoba na Muleba, na walimu walijaa. Chakula cha mchana kilipokoma, na walimu wakakoma. Aliyebaki hadi siku ya mtihani alikuwa Mwalimu Benigna peke yake. Kijana alipoondoka alimwachia barakoa, kinga ya kifua, na wilaya mbili zisizo na mwamuzi mwingine.

Vifaa vilipochakaa hakulia. Fundi seremala alichonga magongo ya mti wa omushambya. Fundi viatu wa Muleba alizishona glovu upya kwa uzi wa kandambili. Vituo vya kukimbilia vikawa viroba vilivyojazwa maganda ya kahawa, na kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kikakatwa kutoka tairi la lori. Leo mashindano ya shule za Bukoba na Muleba yana timu nane, na mshindi huvuka kwenda Mwanza kuiwakilisha Kagera. Timu zote nane zilianza na vifaa vya namna hiyo, na karibu zote zilifundishwa kanuni na yeye.

Kwa wale ambao bado wanaiita softiboli "ule mchezo wa Madam", kanuni inayohusika leo ni moja tu. Mrushaji anarusha mpira kumwelekea mpigaji. Ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kwapa za mpigaji, mwamuzi anaita "Straiki!", na straiki tatu zinamtoa. Ukipita nje ya hapo, juu sana, chini sana au pembeni, ni "boli", na boli nne zinampa mpigaji kituo cha kwanza bure, anatembea taratibu kama anakwenda kisimani. Hakuna kamera wala mstari hewani. Eneo lote la straiki limo machoni mwa mwamuzi. Eneo hilo likiwa kubwa kwa mmoja na dogo kwa mwingine, hakuna mchezo tena hapo, kuna udugu.

Wazazi walikuwa wakisema eneo la Mwalimu Benigna halina mjomba. Mwaka 2017 mama mmoja wa Bukoba, ambaye binti yake alikuwa mpigaji, alimletea kopo la senene wa kukaanga kabla ya mchezo. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawagawia wachezaji wa timu zote mbili, naye akala waliobaki. Kisha akamtoa binti yule kwa straiki tatu mfululizo. Mama yule alipolalamika kuwa amekula senene wake bure, alijibiwa kwamba chumvi ilizidi kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo la mwaka jana.

Mwezi Julai 2024, baada ya nusu fainali, walimu wa michezo walikutana Muleba mjini kupanga fainali kati ya timu yetu na timu ya Ijuganyondo kutoka Manispaa ya Bukoba. Kocha wa Ijuganyondo ni Mwalimu Evarist Buberwa, kijana mpole, mrefu, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Siku hiyo alikohoa sana.

"Mama," alisema hatimaye, "kwa heshima zote. Eneo lako linapungua ukisalimiwa."

Watu walicheka. Mwalimu Benigna hakucheka. Alimwomba aeleze.

Buberwa alieleza. Binti wa Muleba, alisema, akifika kwenye kibao humwona mama mtu mzima amechuchumaa nyuma ya mdakaji. Amelelewa vizuri, hawezi kumpita hivi hivi. Anapiga goti na kutoa salamu ya Kihaya: "Kasinge, waitu." Mama anaitikia. Binti anainuka, lakini hainuki kabisa, anabaki ameinama nusu kama aliye mbele ya mama mkwe, na mwamuzi anampimia hapo hapo alipo. Binti wa mjini naye anakuja gongo begani, wima kama nguzo ya umeme, anasema "Shikamoo Madam" huku anatafuna ubani, na anapimwa urefu wake wote.

"Kwa hiyo wenye adabu wana eneo la ukubwa wa sinia," alimalizia, "na sisi tuna eneo la ukubwa wa mlango. Mabinti zenu wanatembea bure hadi kituo cha kwanza. Wa kwangu wanarudi benchi wanalia. Wenzangu wa shule za mjini wamenituma niseme: bila mwamuzi mwingine, fainali hatuji."

Mwamuzi mwingine hakuwepo. Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua hilo. Alijua pia kwamba Mwalimu Benigna alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na kwamba watu hukumbuka jambo la mwisho. Mtu angeweza kuchezesha kwa haki miaka kumi na miwili, kisha akaagwa kama mama aliyewabeba wa kwao. Wengine walianza kumzomea Buberwa. "Wewe kijana, unamwambia nani?" "Mfundishe mtoto wako kupiga mpira!" Mwalimu Benigna aliinua mkono wakanyamaza. Alimwuliza Buberwa swali moja tu, kama Jumapili baada ya misa angeweza kufika Kagoma.

Alifika. Uwanjani alimkuta Mwalimu Benigna na wasichana wetu, akiwemo Consolata wa kidato cha pili, mdogo kuliko wote kwenye timu na mwenye adabu kuliko sisi sote. Mwalimu alimsimamisha Consolata wima kando ya kibao, akachomeka miti miwili na kufunga kamba mbili za mgomba, moja usawa wa magoti yake, nyingine usawa wa kwapa. Buberwa akawekwa pembeni kutazama mpira unapita wapi. Mwalimu akavaa barakoa, akachuchumaa mahali pake, akaanza kuita.

Consolata alipokuja bila kusalimia, mwamuzi na kamba walikubaliana. Alipokuja kwa kasinge na goti, mipira iliyopita chini kidogo ya kamba ya juu ikaanza kuitwa boli. Ilirudiwa kwa msichana mwingine, ikawa vile vile. Ikarudiwa kwa mwingine tena. Sisi tuliokuwa tumekaa chini ya ukuta wa maabara tulianza kutazama viatu vyetu.

Mwalimu Benigna alivua barakoa. Alizitazama kamba zile, kisha akamgeukia kijana.

"Buberwa, mwanangu, ungeniambia mapema."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini?"

"Mkubwa hakosolewi kabla hujamsalimia. Na nikikusalimia vizuri, unapunguza eneo."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kile kinachosikika hadi dukani. Lakini uamuzi aliutoa siku ile ile. Kuanzia fainali, timu zote mbili zitajipanga mstari kabla ya mchezo na kumsalimia mwamuzi mara moja, anayepiga goti apige, anayesimama asimame. Baada ya hapo, kwenye kibao, salamu hakuna. Mpigaji atapimwa anavyosimama kupiga mpira, si anavyosimama kusalimia.

Mkisikia hivyo mnaweza kudhani ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo. Mwenyekiti wa bodi yetu ya shule, Mzee Bartholomayo, ambaye ni babu yake Consolata, alikuja ofisini na fimbo yake na maneno yake.

"Mwalimu, nasikia umewakataza watoto kusalimia. Wapite mbele ya mama yao kama ng'ombe?"

"Tata," alimjibu, akimwita baba kwa Kihaya, "wakati wa mchezo mimi si mama yao."

"Ila ni nani?"

"Tata, wewe unauza kahawa. Siku mizani ikianza kukuamkia, utaiamini?"

Mzee aligonga fimbo sakafuni, akasema mizani haijazaliwa na mtu. Akaondoka hajakubali. Hata leo, akiwa ameketi pale mbele, hatuna hakika kama amekubali.

Fainali ilichezwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, Muleba mjini. Shule za mjini zilikuja zote. Mstari wa salamu ulikuwa mrefu na mzuri, magoti upande mmoja, shikamoo upande mwingine. Mchezo ulipoanza tuliona mara moja kwamba eneo limebadilika. Wasichana wetu, waliozoea kutembea bure hadi kituo cha kwanza, walianza kuitiwa straiki. Mashabiki wetu waliliona pia.

"Madam, leo umeamka upande gani?"

"Barakoa imepinda hiyo, mnyooshee!"

"Mama Byabato, kwenu ni wapi siku hizi, Bukoba?"

Aliyasikia yote. Barakoa inazuia mpira tu.

Tulifika zamu ya mwisho tukiwa nyuma kwa pointi moja. Wawili wetu walikuwa wameshatolewa, na vituo vyote vitatu vilikuwa na wachezaji wetu. Aliyetoka benchini kupiga alikuwa Consolata. Mrushaji wa Ijuganyondo alikuwa Joyness, msichana mwenye mkono wa haraka na mdomo wa haraka zaidi. Akishindwa Consolata, tumekwisha. Akipata boli nne, mwenzake wa kituo cha tatu anasukumwa hadi nyumbani, tunakuwa sare, na anayefuata kupiga ni Magdalena, ambaye siku hiyo alikuwa ameshaupeleka mpira mmoja hadi kwenye migomba ya watu. Wasichana wetu hawakuwa wamewahi kulivuka ziwa. Mwanza ilikuwa inaonekana.

Consolata alifika kwenye kibao. Alikuwa na hofu, na mtu akiogopa hufanya aliyofundishwa kwanza. Alipiga goti, gongo mkononi.

"Kasinge, waitu."

Tulimsikia hata Mzee Bartholomayo akivuta pumzi. Sote tulimtazama mwamuzi, na mwamuzi hakuitikia. Mama huyu, ambaye huitikia salamu za watoto wa chekechea mmoja mmoja hadi chai inapoa, alikaa kimya nyuma ya barakoa akingoja mtoto ainuke. Consolata aliinuka nusu. Akabaki hapo.

Joyness alirusha. Zilikuja boli na straiki, moja juu ya nyingine, hadi zikafika boli tatu na straiki mbili. Mrusho mmoja ulibaki. Upande wa Ijuganyondo mtu alipaza sauti, "Joy, mtoe twende nyumbani!" Upande wetu watu walishikana mikono. Mpira ulikuja usawa wa kifua cha msichana aliyesimama wima, na usawa wa paji la uso la msichana aliyeinama. Consolata hakuupiga. Aliuacha upite, akiamini ni wa juu.

"Straiki!"

Hatutaeleza kelele za pale. Ijuganyondo walimbeba Joyness. Mzee Bartholomayo aliingia uwanjani bila ruhusa.

"Mwalimu! Mtoto amekupigia goti mbele ya watu wote hawa, umemnyima hata neno!"

"Samahani, tata," alisema, akampita. Alikwenda hadi kwa Consolata, aliyekuwa bado amesimama kando ya kibao analia na gongo lake. Akavua barakoa, akaishika kwapani.

"Kasinge, omwana wange."

Mtoto alilia zaidi, kisha akajifuta pua kwa mkono wa fulana ya shule.

"Madam, ile ilikuwa juu."

"Haikuwa juu. Wewe ndiye uliyekuwa chini."

Akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akamnyoosha, taratibu, hadi akawa wima. "Simama hivi," akamwambia. "Ukisimama hivi nitakuona. Na mpira ule ungeupiga."

Tuseme ukweli, sisi wenzake tulinuna. Jumatatu chai ilinywewa kimya kimya, na kikombe chake kilikuwa cha mwisho kujazwa. Jumanne vile vile. Jumatano mwalimu wa Fizikia alichukua chapati ya pili mapema, akatazama kwenye kona ya dirisha, akasubiri. Kona haikusema kitu. Akasubiri tena. Akairudisha chapati mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini kwamba haina ladha. Hapo ndipo tulipotambua kwamba shule inaharibika, tukamwomba radhi. Alitusamehe, akamtoa mwalimu wa Fizikia papo hapo kwa kugusa chapati bila kuila.

Ijuganyondo walikwenda Mwanza, wakafungwa siku ya kwanza, wakarudi na simulizi nyingi za samaki. Tunalitaja hili kwa masikitiko makubwa na tabasamu dogo.

Mwezi Novemba walimu wa michezo walikutana tena. Buberwa alikohoa, akasimama, akasema anataka kufuta maneno yake ya Julai. Mwalimu Benigna alimkatalia. Alisema maneno yale yalikuwa ya kweli, na ukweli ukishasemwa kikaoni ubaki kikaoni. Buberwa akabaki amesimama, hajui afute nini. Kisha akaleta hoja nyingine: Mwalimu Benigna aombwe kuendelea kuchezesha hata baada ya kustaafu, na fainali ya mwaka huu iwe yake. Mikono ya kwanza kuinuka ilikuwa ya shule za mjini, wale wale waliosema hawatakuja akiwepo yeye. Yetu ilifuata, kwa aibu kidogo.

Yeye mwenyewe alikataa. Alisema eneo la straiki likiwa kwenye macho ya mtu mmoja tu katika wilaya mbili, macho hayo yakiteleza wote wameteleza, na yeye ameshateleza mara moja bila kujua. Akasema tangu mwaka 2012 hajawahi kutazama mchezo wa softiboli akiwa amekaa, na sasa anataka kukaa kwenye benchi la wazazi, anywe juisi, na kumlalamikia mwamuzi kama binadamu wengine. Alipoulizwa mwamuzi huyo atakuwa nani, alimwonyesha kidole Mwalimu Buberwa.

Tangu Januari amemfundisha kila Jumapili. Kijana ameikabidhi timu yake kwa mwenzake, ameikabidhi na raha yake. Tunaambiwa wiki za kwanza alichuchumaa hadi magoti yakagoma, na alipoita straiki kwa sauti ya upole mwalimu wake alimwuliza kama anatangaza msiba. Sasa anaita vizuri. Wachezaji wa Ijuganyondo, aliowafundisha mwenyewe, wameshaanza kumlalamikia kwamba anawaonea, nasi tumelipokea hilo kama cheti.

Jumamosi tarehe 9 Agosti, Mungu akipenda, Mwalimu Buberwa atasimama nyuma ya kibao katika fainali ya kwanza ambayo haitachezeshwa na Mwalimu Benigna. Timu zote nane zimethibitisha kuja, na hakuna iliyouliza mwamuzi ametoka wilaya gani. Consolata, ambaye sasa ni nahodha wetu, amerefuka, na anapiga akiwa wima.

Mwalimu Benigna, tumekusema vya kutosha, na wewe leo huna filimbi. Asante kwa Jiografia, kwa bweni, kwa chapati zilizogawanywa sawa. Asante kwa kukubali kupimwa kwa kamba ya mgomba mbele ya watoto, na kwa straiki ile iliyotutoa machozi na kutunyoosha. Asante pia kwako Mzee Joackim, uliyemwazima shule hii muda wote huu; tunamrudisha akiwa mzima, ila jihadhari na kofia yako.

Nenda ukakae kwenye benchi la wazazi. Piga kelele kadiri upendavyo. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu, migomba yenye mikungu inayogusa ardhi, na mwamuzi anayekosea kidogo tu, ili usikose la kusema.